Jinsi ya kuchambua mchezo wako wa chesi baada ya mashindano ya wazee

Jumapili jioni, ukumbi mmoja hapa Mbeya, baridi ya mwezi wa saba imeshaanza kushuka kutoka mlima Loleza. Nimekaa mbele ya ubao na koti langu, saa inaonyesha nimebakiwa na dakika tatu. Mpinzani wangu, mwalimu mstaafu aliyekuja kwa basi kutoka Iringa, ameileta ngome yake mraba wa d6, uso kwa uso na ngome yangu iliyoko d2. Nile au nisile? Sikula. Baada ya nusu saa nyingine ya kuhangaika tulikubaliana sare, tukapeana mikono. Usiku ule sikulala vizuri. Moyo uliniambia kuna kitu nimekiacha pale mezani, na ilinichukua siku nne kukipata.

Naandika namna nilivyokitafuta, kwa sababu wazee wenzangu wengi wanacheza vizuri lakini hawachambui. Wanamaliza mchezo, wanalaumu mwendo mmoja, wanaingiza karatasi mfukoni, na mashindano yanayofuata wanarudia kosa lilelile. Mashindano ya wazee kwa utaratibu wa FIDE, shirikisho la chesi la dunia, yana makundi mawili tangu mwaka 2014: wa miaka 50 na kuendelea, na wa miaka 65 na kuendelea. Unahesabiwa umri utakaokuwa umefikisha ifikapo Desemba 31 ya mwaka wa mashindano. Sisi tulikuwa wachache, tukachanganywa kundi moja.

Neno moja kuhusu majina. Kwenye karatasi tunaandika herufi za kimataifa: K ni mfalme, Q malkia, R ngome, B askofu, N farasi, na askari hana herufi. Hapa nitaandika kwa maneno ili anayetoka kwenye drafti naye afuate. Kila mraba una jina lake: herufi a hadi h ni mistari ya wima, kutoka kushoto kwa anayecheza nyeupe, na namba 1 hadi 8 ni safu, kuanzia upande wake. Weka ubao mbele yako kabla ya kuendelea, maana bila ubao sehemu ya katikati itakupita.

Kabla hujatoka ukumbini

Uchambuzi huanza mchezo ungali unachezwa, na chombo chake ni kalamu. Sheria zinaruhusu karatasi iandikwe miendo, muda unaosomeka kwenye saa, ombi la sare na mambo yanayohusu madai kwa mwamuzi. Maoni na mipango hairuhusiwi. Watu wengi huandika miendo peke yake. Wewe andika na dakika zilizobaki, zako na za mwenzako, kila baada ya miendo mitano, na kila mara unapojikuta umefikiri muda mrefu. Mwenzako akikuomba sare, weka alama ya usawa ndani ya mabano mbele ya mwendo huo. Utashangaa siku tatu baadaye jinsi tarakimu hizo zitakavyokueleza mambo ambayo kete zenyewe hazisemi.

Ikiwa saa inaongeza sekunde 30 kwa kila mwendo, unatakiwa kuandika mpaka mwisho. Ikiwa haina nyongeza hiyo, ukibakiwa na chini ya dakika tano unaruhusiwa kuacha, na hapo ndipo kumbukumbu hupotea, tena mahali penye moto zaidi. Basi mkishapeana mikono, msiinuke. Rudisheni kete nyuma, mwandike pamoja miendo iliyokosekana. Vichwa viwili hukumbuka vizuri kuliko kimoja, na ikipita hata saa moja tu mtaanza kubishana.

Kisha zungumza na mpinzani wako. Hili ndilo jambo ambalo hakuna mashine, yaani programu ya chesi, itakayokupa: alichokuwa anakiwaza. Sisi tulitoka nje, tukaagiza chai ya tangawizi kwa mama mmoja mwenye jiko la mkaa pale getini, tukaweka ubao mdogo juu ya benchi.

"Shikamoo mwalimu. Ule mwendo wa 14, askari kwenda g5, ulikuwa unamfuata mfalme wangu?"

"Marahaba. Hapana, bwana. Nilikuwa namzuia farasi wako asipite h4 kwenda f5. Yule farasi akikaa f5 mimi silali."

Nilinyamaza. Nilipoona g5 niliamini ananivamia, nikamrudisha farasi h2, halafu nikamsogeza mfalme h1. Miendo miwili nzima ya kukimbia mtu ambaye hakuwa ananifukuza. Andika majibu ya aina hii palepale, kwa maneno ya aliyeyasema. Ukisubiri kesho utaandika unachotaka kukumbuka.

Usiku wa kwanza, mashine ibaki imezimwa

Najua hamu ilivyo. Unafika nyumbani, unataka kuingiza mchezo kwenye simu uambiwe ulikosea wapi. Jizuie. Ukishaona jibu, hutakumbuka tena uliogopa nini, na hofu hiyo ndiyo unayoitafuta.

Chukua daftari. Kwa kila mwendo ambao uliufikiria, andika mstari mmoja: niliwaza nini, niliogopa nini, nilidhani yeye anataka nini. Usirekebishe. Kama uliwaza upuuzi, uandike upuuzi ule kama ulivyokuwa. Kwenye mwendo wa 41 mimi niliandika hivi: "Nikila ngome tunabaki na askari watupu. Mfalme wake yuko karibu na askari wangu wa a kuliko wa kwangu. Atamla. Nitapoteza." Sentensi nne fupi, na kosa langu lote limo humo, ingawa usiku ule sikuliona.

Mikhail Botvinnik, aliyekuwa bingwa wa dunia, alisisitiza kwamba mchezaji achambue michezo yake mwenyewe kwa undani na kuutoa uchambuzi huo hadharani ili wengine waukosoe. Kwetu hakuna haja ya kuchapisha. Kijiwe chenye watu wawili wanaoijua chesi kinatosha, mradi wasikuonee haya kwa sababu ya mvi zako.

Ufunguzi: pita haraka

Weka ubao wa mbao, kete zote mahali pake, ucheze tangu mwanzo kwa mkono wako. Ufunguzi usiupe zaidi ya nusu saa. Wazee tunapenda kuzama hapa kwa sababu kuna majina na mapokeo, lakini kwenye ngazi yetu michezo michache sana huamuliwa kabla ya mwendo wa kumi.

Wetu ulikuwa wa Kiitaliano, ule wa taratibu. Mimi nyeupe: askari e4, naye e5. Farasi f3, farasi c6. Askofu c4, askofu c5. Askari c3, farasi f6. Askari d3, askari d6. Nikamficha mfalme upande mfupi (mfalme g1, ngome f1 kwa mwendo mmoja), akacheza askari a6. Askari h3, askofu a7. Ngome e1, naye akamficha mfalme. Farasi wa b1 kwenda d2, askari h6. Askofu b3, askofu e6. Farasi wa d2 kwenda f1, na kwenye mwendo wa 11 askofu wake akamla askofu wangu wa b3.

Hapa jiulize jambo moja tu: je, kuna mwendo niliocheza nisijue kwa nini? Wangu ulikuwa askari h3. Nilipofikiri nikakumbuka kuwa unamzuia askofu wake asije g4 kumbana farasi wa f3. Basi, songa mbele.

Tafuta njia panda

Mchezo wa miendo 60 hauna maamuzi 60. Una matano, pengine saba. Mengine ni kujibu tu. Kazi yako siku ya pili ni kuyatafuta hayo machache, na dalili zake ni hizi: umebadilishana kete, umesukuma askari ambaye hawezi kurudi, au saa yako imeshuka ghafla. Wangu nilipata manne. Matatu ninayaeleza.

La kwanza ni mwendo wa 12. Askofu wake yuko b3, nimle kwa malkia au kwa askari wa a? Nikila kwa askari, mstari wa a unafunguka na ngome yangu inapumua, lakini askari wangu wanarundikana, mmoja nyuma ya mwenzake, kwenye mstari wa b. Nikila kwa malkia, askari wanabaki safi na malkia anamtazama askari wake wa b7. Yote mawili yanachezeka. Sikuona hilo. Nilikaa nikipima, nikirudi, nikipima tena. Hatimaye nilikula kwa malkia. Kumbuka jambo hili: askari wangu wa a akabaki hai.

La pili ni ule mwendo wa 14, g5. Sasa nikiwa na maneno ya mwalimu mkononi niliuangalia upya. Uliza kila mara askari anaposukumwa: ameacha nini nyuma? Askari wa g akishapanda g5 hawezi tena kusimama g6 kumfukuza mtu aliyekaa f5. Askofu wake wa miraba myeupe ndiye angeweza kuilinda f5, naye tulishabadilishana. Kwa hiyo f5 ilikuwa shimo tupu, na mimi nilikuwa na farasi f1, miruko miwili tu kupitia g3. Amefunga njia ya h4 lakini ameacha mlango mkubwa zaidi wazi. Farasi akifika f5 akiwa amelindwa na askari wa e4, kumtoa pale ni mpaka alete farasi wake kupitia e7 kubadilishana naye. Mimi badala yake nikakimbilia h2. Nilitazama askari akija, sikutazama alikotoka.

Nilikaa na nafasi hii jioni nzima. Nilimweka farasi f5, nikacheza upande wake kwa bidii kana kwamba ni mimi mwalimu, nikageuka nikacheza upande wangu. Hivyo ndivyo inavyofaa kufanywa: zungusha ubao kabisa, ukae kiti cha pili. Ukichambua ukiwa upande wako tu, kila mara utajipata una haki.

Mwendo wa 41, kwa karibu

La tatu ndilo lililoninyima usingizi. Panga kete hivi. Nyeupe: mfalme e3, ngome d2, askari a4, f3, g4, h3. Nyeusi: mfalme e6, ngome d6, askari e5, f6, g5, h6. Zamu ya nyeupe. Askari ni wanne kwa wanne. Mtu akipita atasema ni sare.

Kabla ya kuhesabu chochote, tafuta askari huru, yaani yule ambaye mbele yake, kwenye mstari wake na mistari ya jirani, hakuna askari wa adui wa kumzuia. Wangu wa a4 ni huru kabisa. Wake wa e5 anaonekana huru lakini siyo, kwa sababu askari wangu wa f3 anailinda e4. Akikanyaga pale analiwa. Basi ubao mzima una askari huru mmoja, naye ni wangu, tena yuko mbali na wenzake wote. Huyo ni mali.

Sasa tule. Ngome yangu inakula d6 kwa cheki, yaani ikimtishia mfalme, na mfalme wake hana budi kula. Mfalme wangu anapanda e4, anamsimamisha askari wa e5 palepale. Zamu ni ya nyeusi, ana njia nne za kuzichunguza. Zichunguze moja moja, kwa mkono, na urudishe kete kila mara.

Njia ya kwanza, ile niliyoiogopa: mfalme wake anamkimbilia askari wa a. Mfalme c5. Sasa hesabu kwa safu mbili kwenye daftari, yake kushoto na yako kulia. Yeye anahitaji c5, b4, kula a4: miendo mitatu. Mimi f5, kula f6, kula e5: mitatu pia. Wakati yeye amekula mmoja, mimi nimekula wawili, na mfalme wake yuko pembeni kabisa mwa ubao, kama mtu aliyeshuka Makambako ilhali mzigo wake umeendelea hadi Mbeya. Mfalme wangu anaendelea f6, g6, anakula h6, anakula g5. Nabaki na askari watatu, yeye hana hata mmoja. Akijaribu katikati ya mbio kumsukuma askari e4, wa f3 anamla na kuanza safari yake mwenyewe.

Njia ya pili, anasubiri: mfalme e6. Anazuia f5. Basi mpeleke chambo: askari a5. Akija mfalme d6, askari a6. Sasa lazima amfuate, mfalme c6, na mlango umefunguka: mfalme wangu f5. Yeye b6, mimi nakula f6. Yeye anakula a6, mimi nakula e5. Simamisha hapo uhesabu kete zilizobaki: mfalme wangu na askari watatu, mfalme wake na askari wawili. Saba. Idadi hii itatufaa tukifika kwenye mashine.

Njia ya tatu, askari f5 kwa cheki. Askari wangu wa g anamla, na mfalme wangu anamlinda palepale f5. Sasa nina askari huru wawili, mmoja mstari wa a na mwingine mstari wa f, na mfalme mmoja hawezi kulinda milango miwili ya nyumba iliyo mbali hivyo. Njia ya nne, askari h5, nakula, na nina askari huru pembe zote mbili za ubao. Zote nne ni ushindi kwa nyeupe.

Rudi sasa kwenye daftari la usiku wa kwanza. "Mfalme wake yuko karibu na askari wangu wa a kuliko wa kwangu. Atamla." Kweli, yuko karibu. Kweli, atamla. Hesabu yangu haikuwa na kosa la namba hata moja. Nilichosahau ni kuuliza: wakati yeye anakula huko, mimi nakula nini huku? Askari wa a hakuwa wa kulindwa, alikuwa wa kumtuma mbali mfalme wa mwenzangu.

Nilichocheza mimi ni ngome a2, nyuma ya askari. Akaweka ngome yake a6 mbele ya askari huyo, na kazi iliyokuwa nyepesi ikawa ndefu na ya kuchosha. Sikuwa nimeharibu kila kitu, lakini askari yule aliliwa mwendo wa 57, nikapata wa f6 badala yake, na mwendo wa 63 tukakubaliana sare.

Ukipata mahali kama hapa kwenye mchezo wako, usiridhike na kuandika "ningekula ngome". Andika ni swali gani hukujiuliza. Mwendo ule hautarudi tena maishani mwako. Swali litarudi kila wiki.

Chambua saa kama unavyochambua kete

Hapa ndipo uchambuzi wa wazee unapotofautiana na wa vijana. Kijana mwenye dakika tatu bado anaona. Mimi nikiwa na dakika tatu, baada ya saa mbili na nusu za kukaa, tena mchezo wa pili kwa siku hiyo, naona nusu ya ubao. Sisemi umri unafunga mlango. Vasily Smyslov alicheza fainali ya kuwania nafasi ya kupambana na bingwa wa dunia mwaka 1984, akitimiza miaka 63 katikati ya pambano, dhidi ya Garry Kasparov aliyekuwa na miaka 20. Alishindwa, lakini alifika pale. Mwaka 1991 akatwaa ubingwa wa kwanza wa dunia wa wazee, huko Ujerumani. Viktor Korchnoi aliuchukua mwaka 2006 akiwa na miaka 75. Mzee anaweza. Lazima tu ajue nguvu zake zinakwenda wapi.

Kwa hiyo chora safu kwenye daftari: mwendo, dakika zangu, dakika zake. Tulikuwa na dakika 60 kila mmoja na nyongeza ya sekunde 30. Yangu ilisomeka hivi. Kabla ya mwendo wa 12, dakika 58. Baada yake, 41. Mwendo wa 20, dakika 30. Mwendo wa 30, dakika 12. Mwendo wa 41, dakika 3. Mwalimu wakati huo alikuwa na 19.

Angalia ule mwendo wa 12 tena. Dakika 17 zimekwenda kwenye uamuzi wa kula kwa malkia au kwa askari, na nimeshasema yote mawili yalichezeka. Nilichagua vizuri: kwa kula na malkia nilimwacha hai yule askari wa a ambaye miendo 29 baadaye alikuwa ushindi wangu. Lakini dakika nilizozitumia kumwokoa ndizo nilizozihitaji ili nimwone. Siku tatu nililaumu mwendo wa 41. Kosa lilianzia mwendo wa 12, na halikuwa la kete.

Nilichojiwekea tangu siku hiyo ni hiki. Nikijikuta mbele ya miendo miwili, na hakuna hata mmoja unaopoteza kete wala kumweka mfalme hatarini, nina dakika tano. Zikiisha nacheza ule wa kwanza kunijia kichwani. Dakika zinazobaki nazihifadhi kwa ajili ya siku ambayo kete zote zinataka kubadilishwa, kwa maana hapo kosa halirekebishiki.

Andika pia mambo ya mwili, bila aibu. Ulikula nini mchana? Mimi nilikula ugali wa kushiba kabla ya mchezo ule. Uliinuka kunyoosha miguu mara ngapi? Ulivaa nini? Ukumbi wenye baridi ya Mbeya au Njombe mwezi wa saba hukaza vidole na hukufanya utake kumaliza haraka. Ukiwa na karatasi za michezo sita au saba zenye taarifa hizi utaona mpangilio wako mwenyewe, na hakuna mwalimu anayeweza kukuonyesha huo.

Sasa washa mashine

Siku ya nne, ukishamaliza yote, ingiza mchezo kwenye kompyuta au simu. Stockfish ni programu ya bure yenye nguvu kuliko binadamu yeyote, na tovuti ya Lichess inakuwezesha kuitumia bila kulipa hata shilingi. Hakuna sababu ya kununua kitu chochote.

Mashine hutoa namba. Moja ya kuongeza maana yake, kwa makadirio, nyeupe ina faida kama ya askari mmoja. Ya kutoa ni nyeusi. Usihangaike na mabadiliko madogo ya sehemu za kumi. Tafuta mahali namba imeruka kwa moja au zaidi, ulinganishe na njia panda zako ulizoziandika kwa kalamu. Mahali mlipokubaliana, vizuri. Mahali mashine imeruka na wewe hukuona kitu, hapo ndipo pa kusoma. Na mahali wewe uliona njia panda lakini namba haikutikisika, usifute ulichoandika. Mwendo wa 12 haukutikisa namba hata kidogo, na bado ndio ulioniponza. Mashine haioni saa yako.

Usikubali jibu bila sababu. Ikikuambia mwendo fulani ni bora, cheza mwendo wako wa asili dhidi yake uone unavyoadhibiwa, mpaka uweze kumweleza jirani kwa Kiswahili bila kutaja namba. Ukishindwa kueleza, hujaelewa bado.

Kwa miisho yenye kete saba au pungufu, wafalme wakihesabiwa, kuna kitu kizuri zaidi: majedwali yaliyokwisha kukokotolewa hadi mwisho kabisa, na Lichess inayaonyesha. Hapo hakuna makadirio, kuna ukweli: ushindi, sare au kushindwa. Ndiyo maana nilikuomba uhesabu kete kwenye ile njia ya pili. Ukifika hapo, mfalme wangu e5 na askari f3, g4, h3, mfalme wake a6 na askari g5, h6, ingiza nafasi hiyo uipate hukumu mwenyewe.

Geuza uchambuzi kuwa mazoezi

Daftari likifungwa na kuwekwa kabatini, kazi imepotea. Chukua nafasi moja, isizidi moja kwa kila mchezo, iandike kwenye kipande cha kadi: kete ziko wapi, zamu ya nani. Usiandike jibu upande uleule. Mimi nina kadi 23 kwenye bati la biskuti, na kila Jumamosi asubuhi navuta tatu.

Halafu mtafute mtu acheze upande wa pili kwa kweli, siyo kwa huruma. Mjukuu wangu wa kidato cha pili alichukua nyeusi kwenye ile nafasi ya mwendo wa 41. Mara ya kwanza alikimbilia a4, akapoteza. Mara ya pili alingoja e6, akapoteza. Mara ya tatu akajaribu f5, nami kwa haraka nikamrudisha mfalme nyuma badala ya kumla yule askari, na nikajikuta nahangaika. "Babu, si ulisema zote unashinda?" Nikaandika hilo nalo kwenye kadi, kwa kalamu nyekundu: cheki ya f5, kula kwa askari wa g, usimguse mfalme.

Kadi ile nilimpigia picha nikamtumia mwalimu Iringa, bila jibu. Siku ya pili yake akanijibu kwa ujumbe wa sauti, dakika sita nzima. Alikuwa ameshaipanga kwenye ubao wake, ameona ule ushindi, na alikuwa na swali: kama yeye, mwendo wa 40, asingeleta ngome d6 bali angeipeleka a6 moja kwa moja, ningefanya nini? Hiyo ndiyo nafasi iliyoko mezani kwangu sasa hivi ninapoandika.